Refa Chipukizi Ajifunzie Wapi?

Hoja iliyo mezani haina mzunguko: mechi za watoto wa chini ya miaka 12 zichezeshwe na marefa wanaojifunza, au zipewe marefa walioiva? Sehemu nyingi za Tanzania mazoea yameshajibu. Aliyemaliza kozi ya awali anapangiwa uwanja wa shule ya msingi, anaambiwa aende akapate uzoefu. Aliyepanda daraja haonekani tena huko. Anatafuta mechi za ligi. Wapo wanaosema hakuna njia nyingine, na wapo wanaosema ni kuwaonea watoto, na kumwonea refa mwenyewe.

Sauti zinazofuata nimezitunga kutokana na mabishano ya kandokando ya viwanja vya mchangani, nikazigawa kwa watu wanne: mama wa mchezaji, kocha wa timu ya mtaa, mkufunzi wa waamuzi aliyestaafu kuchezesha, na binti wa miaka 19 aliye katika msimu wake wa kwanza wa filimbi. Mimi nina upande wangu na nitausema itakapobidi.

MAMA: Nianze mimi, maana mtoto aliyeumia ni wangu. Anacheza winga ya kushoto. Kakwatuliwa kwa nyuma karibu na kibendera cha kona, mpira ameshauachia. Filimbi ikalia, mpira wa adhabu, mchezo ukaendelea. Aliyemkwatua hakuambiwa hata neno, na kipindi cha pili akamkwatua mwingine. Nilipolalamika nikaambiwa nivumilie, refa anajifunza. Anajifunzia kwenye mguu wa mwanangu? Daktari anayesoma haachiwi mgonjwa peke yake.

MKUFUNZI: Hapo mwisho umesema neno zito, mama. Peke yake. Ila mgonjwa anapewa. Kozi inampa refa Sheria 17, inampa ishara za mikono, inamfundisha kuandika ripoti. Haiwezi kumpa ile nusu sekunde ambayo miguu miwili imefika kwenye mpira pamoja na uwanja mzima umegeuka kumtazama yeye. Hiyo anaipata akiwa na filimbi mdomoni tu.

KOCHA: Basi aipate kwenye mazoezi! Timu zinafanya mazoezi kila jioni, aje achezeshe huko. Mechi ya kombe si mahali pa kujaribia. Tumelipa kiingilio, bingwa anachukua mbuzi, na siku hizi hata hawa wadogo wanatazamwa na watu wa akademi. Juzi tumenyimwa goli halali, eti kuotea. Kati ya mfungaji wangu na lango kulikuwa na kipa na beki, kila mtu aliwaona.

REFA: Shikamooni. Mechi anayoisema mama na mechi anayoisema kocha nilichezesha mimi zote. Mama, pole sana kwa mtoto. Kocha, siku ile sikuwa na washika vibendera. Ili nihukumu kuotea natakiwa niwe mstari mmoja na beki wa mwisho wakati mpira unapigwa. Ili nijue kama mpigaji amechezewa rafu natakiwa niwe karibu na mpigaji. Kati ya hao wawili kulikuwa na karibu nusu ya uwanja. Mwalimu, hapo mtu anachagua nini?

MKUFUNZI: Anachagua mpigaji. Goli likikataliwa hakuna anayevunjika mguu. Kuotea, ukiwa peke yako, puliza ulichokiona kwa macho yako. Ukiwa na shaka, mchezo uendelee.

KOCHA: Uendelee mpaka tufungwe?

MKUFUNZI: Uendelee, ndiyo. Na mkifunga ninyi kwa shaka hiyohiyo, utauendeleza pia.

Naingilia hapa. Mama na kocha wanamlaumu mtu mmoja, lakini malalamiko yao hayana uzito mmoja, na mjadala huu huharibika kila mara tunapoyachanganya. Goli la kuotea, kona iliyogeuzwa kuwa goli kiki, mpira wa kurusha uliopewa timu isiyostahili: hayo refa anaweza kujifunza kwa kukosea, na watoto watakula chakula cha jioni wameyasahau. Kuna mengine ambayo hana ruhusa ya kuyajifunza kwa kukosea. Magoli ya kuhamishika lazima yafungwe chini yakakaza. Sheria ya kwanza kabisa katika kitabu inasema hivyo, na watoto hupenda kuning'inia kwenye mwamba wa goli. Hereni, bangili na mikufu vivuliwe, wala kuvifunika kwa plasta hakukubaliki. Aliyegongwa kichwa, mchezo unasimama palepale. Na Sheria ya 12 anapaswa kuijua kama jina lake: aliyemchezea mwenzake kwa uzembe anaadhibiwa kwa mpira wa adhabu bila kadi, aliyecheza bila kujali hatari kwa mwenzake ni njano, aliyetumia nguvu kupita kiasi akahatarisha usalama wa mwenzake ni nyekundu. Kumkwatua kwa nyuma mtoto ambaye ameshaachia mpira hakuwezi kuishia kwenye daraja la kwanza la hayo matatu.

MAMA: Sasa binti, kama uliyajua hayo, mbona hukumwambia kitu yule mtoto?

REFA: Kwa sababu sikumwona, mama. Nilisikia kilio, nikageuka, nikamkuta mwanao chini na mwenzake amesimama juu yake. Nilijua ni rafu. Sikujua ni ya namna gani. Kadi siwezi kuitoa kwa kubahatisha, hivyo nikapuliza mpira wa adhabu nikaishia hapo. Niliporudi nyumbani nikachora.

Anachomaanisha ni daftari. Ni daftari la shule, la mistari, kurasa sitini na nne. Kila ukurasa una uwanja mdogo uliochorwa kwa penseli: mistatili miwili ya maboksi, mstari wa kati, duara. Kila filimbi ya rafu aliyopuliza ina alama mbili. Msalaba ni mahali rafu ilipotokea. Kiduara ni mahali yeye alipokuwa amesimama. Kati ya msalaba na kiduara chake kuna mstari mwembamba. Kurasa za mwanzo zinatisha kutazama: misalaba imetapakaa uwanja mzima, viduara vyote vimejazana katikati. Ukurasa wa mechi ya mama una msalaba kwenye pembe ya kushoto na mstari mrefu unaovuka nusu nzima ya karatasi mpaka kwenye duara la kati.

MAMA: Huyu hapa ni mwanangu?

REFA: Ndiyo, mama. Na huyu hapa ni mimi.

KOCHA: Basi tumemaliza. Ni mvivu wa kukimbia. Wale wa beji ya FIFA wanapimwa mbio, mita 75 kwa sekunde 15, wanatembea mita 25, wanarudia mara 40. Huyu apimwe hivyohivyo.

MKUFUNZI: Ndugu yangu, ukimpima hivyo akafaulu, bado atasimama katikati. Tatizo si miguu. Refa mgeni anaufuata mpira kwa macho, na mpira ukienda kwa kasi anakuwa ameshachelewa. Anayejua anautazama mwili wa mwenye mpira. Winga ameinamisha bega na beki wake yuko peke yake: mpira unakwenda kwenye kona, na wewe unaanza kwenda kabla haujapigwa. Halafu kuna pembe. Mtu akiwa mita kumi nyuma ya mchezaji anaona mgongo tu. Akiwa mita ishirini kwa ubavu anaiona nafasi iliyo kati ya wachezaji wawili, na rafu inatokea kwenye nafasi hiyo. Mara nyingi anayesimama vizuri kwa mbali anaona kuliko aliye karibu ila amezibwa.

REFA: Kwenye kozi tulifundishwa kukimbia kwa mshazari, kutoka pembe moja hadi nyingine.

MKUFUNZI: Mshazari ni wa refa mwenye wasaidizi wawili. Huko kwingine wao wanakuangalizia. Ukiwa peke yako, mshazari ule unakuachia pembe mbili za uwanja bila macho, na mwanawe mama ameumia kwenye moja ya hizo. Panua. Mpira ukienda kushoto sana, nenda kushoto. Utachoka, lakini uwanja wa watoto ni mdogo.

KOCHA: Na kuacha faida je? Mara mbili nimemwona anapuliza wakati timu yangu inakwenda kufunga.

MKUFUNZI: Kwa watu wazima ningekubaliana na wewe. Refa asubiri kidogo aone faida imepatikana. Isipopatikana ndani ya sekunde chache, arudi kwenye rafu. Watoto wa miaka tisa hawajui kuendelea. Mmoja akianguka, wanne wanasimama kumtazama. Na aliye chini huenda ameumia kweli. Kwa umri huu mimi nawafundisha wapulize mapema.

Kwenye hoja hiyo niko na mkufunzi kabisa. Mechi ya watoto si mechi ya wakubwa iliyofupishwa dakika. Sheria zenyewe zinakubali hivyo: bodi ya kimataifa inayozitunga, iliyoanzishwa mwaka 1886, inaruhusu mashindano ya vijana yabadilishe ukubwa wa uwanja, ukubwa na uzito wa mpira, upana na urefu wa goli, muda wa vipindi, na idadi ya mabadiliko ya wachezaji. Ndiyo maana wadogo huchezea mpira namba 4 na wakubwa namba 5. Tangu mwaka 2017 vyama vya soka vya nchi vinaweza pia kuruhusu mashindano ya vijana yatumie adhabu ya kutolewa kwa muda: aliyestahili njano anakaa nje sehemu ya mchezo, asilimia 10 hadi 15 ya muda wote, kisha anarudi. Kwa mechi ya dakika 50 ni kama dakika 5 au 7. Mashindano yenye adhabu hiyo yangemfundisha yule aliyemkwatua mtoto wa mama jambo ambalo mpira wa adhabu haukumfundisha.

KOCHA: Tuseme nimekubali. Lakini kuna hili la kurusha mpira. Mtoto anarusha huku mguu mmoja uko hewani, refa anamrudishia arushe tena! Sheria inasema mpira unakwenda kwa wapinzani. Hapo anatufundishia watoto uongo.

REFA: Niliuliza waandaaji kabla ya mechi, kocha. Wakaniambia kwa wadogo, kosa la kwanza linarudiwa, la pili ndiyo wapinzani wanachukua. Kwa hiyo nikamwonyesha: miguu yote chini, mpira utoke nyuma ya kichwa kwa mikono miwili.

KOCHA: Kufundisha ni kazi yangu.

MAMA: Kama ni kazi yako, mbona wanarusha vibaya?

Kocha hakulijibu hilo, na mimi nadhani swali la mama lina haki nusu tu. Kocha ana watoto ishirini, mpira mmoja au miwili, na uwanja anaupata baada ya wakubwa kumaliza. Refa aliye karibu na mtoto mwenye kosa mkononi, kwa sekunde tano, ana nafasi ambayo kocha hana. Waandaaji wakiwa wameruhusu, naona ni vibaya kuipoteza nafasi hiyo.

MKUFUNZI: Mnasahau kwamba njia hii ya michezo ya shule imefikisha watu mbali. Salima Mukansanga wa Rwanda alianzia huko. Januari 2022, Yaoundé, Zimbabwe na Guinea, akawa mwanamke wa kwanza kuwa mwamuzi wa kati katika fainali za AFCON za wanaume. Mwaka huohuo akachaguliwa kwenda Kombe la Dunia Qatar, mmoja wa waamuzi wa kati wanawake watatu. Kama angeambiwa asishike filimbi mpaka aive, angeivia wapi?

MAMA: Mwalimu, unatuonyesha aliyefika. Walioacha njiani wako wapi?

REFA: Wa kozi yangu ninaweza kuwaeleza. Hawakuacha kwa sababu hawajui sheria. Mmoja alifuatwa na wazazi mpaka kituo cha bodaboda. Mwingine, kocha alisimama ndani ya uwanja kipindi kizima anamwambia la kufanya. Hakujua amfanye nini.

KOCHA: Makocha tunaongea kwa sababu ya uchungu.

REFA: Wewe pia uliongea, kocha. Uliniambia nirudi jikoni.

KOCHA: Ilikuwa hasira ya mechi.

REFA: Ilisikika mpaka kwa watoto wako. Kuna mmoja alinitazama mpaka nikaona aibu.

MKUFUNZI: Na hapo ulitakiwa umwonyeshe kadi, binti. Tangu mwaka 2019 sheria zimekuwa wazi: kocha na wenzake wa benchi wanaonyeshwa njano na nyekundu sawasawa na wachezaji. Na kama matusi yametoka kwenye benchi na aliyeyatoa hajulikani, kadi inamwangukia kocha mkuu. Sijawahi kuona refa wa mwaka wa kwanza anayethubutu, kwa sababu hatuwafundishi. Tunawafundisha kumwonyesha kadi mtoto wa miaka kumi na moja, hatuwafundishi kumwonyesha mtu wa miaka arobaini na tano.

KOCHA: Binti wa miaka kumi na tisa anitoe nje mimi?

MKUFUNZI: Kwa utaratibu. Kwanza anakuja pale ulipo, anaongea na wewe kwa sauti ya chini, watoto wasisikie. Ukiendelea, njano. Ukiendelea tena, unatoka na mchezo unakungoja utoke. Hapandishi sauti wala habishani. Nilipokuwa nachezesha nilikuwa nafanya hivyo kwa watu walionizidi umri, nikiwaamkia shikamoo kwanza.

Hili ndilo eneo ambalo naona vyama vyetu vya waamuzi vinawaangusha chipukizi. Mtihani wa kozi unauliza kipimo cha boksi na muda wa mapumziko. Hauulizi: mzazi ameingia uwanjani dakika ya thelathini, ufanye nini? Jibu lipo na si gumu. Simamisha mchezo, waite manahodha na makocha, waambie mchezo hautaanza mpaka uwanja uwe mtupu, na kama hauwi mtupu, uandike ripoti na uondoke. Lakini jibu hilo likimkuta mtu mara ya kwanza akiwa amezungukwa, halimtoki. Linatakiwa liigizwe kozini, wakufunzi wakijifanya wazazi wenye hasira, mpaka sauti ya chipukizi iache kutetemeka. Uingereza, mapema mwaka 2023, chama cha soka kilianza kuwafunga kamera kifuani baadhi ya marefa wa ligi za mitaani za watu wazima, kwa sababu ya vurugu. Kamera hizo hatuna, wala sizililii. Mtu mzima mmoja mwenye heshima, akisimama upande wa pili wa mstari akijulikana kuwa ametumwa kumtazama refa, huku kwetu anatuliza watu vilevile, na baada ya mechi ana la kumwambia refa.

KOCHA: Huyo mtu mzima nani anamlipa? Kamati inalipa posho ya refa mmoja, nayo inachelewa.

MAMA: Mbuzi mnamnunua kwa hela ya nani?

KOCHA: Viingilio vya timu.

MAMA: Basi bingwa achukue jezi, na hela ya mbuzi iwe nauli ya mwalimu. Mimi kama mzazi natoa changu, wenzangu nitawaambia. Lakini nataka awepo mechi zote za wadogo, asije siku ya fainali akakaa meza kuu. Binti huyu simkatai. Nakataa kumwona peke yake.

MKUFUNZI: Mechi zote mimi siziwezi, mama. Ila tuko wengi tuliostaafu, tunakaa vijiweni tunabishana kuhusu marefa wa ligi kuu. Wapo watakaokuja kwa nauli tu.

REFA: Mimi naomba jambo moja. Mtakaokuja, msinielekeze mchezo ukiendelea. Nikisikia "puliza" kutoka nje, napoteza kichwa, na kocha akisikia anajua filimbi si yangu.

MKUFUNZI: Haki yako. Jambo moja wakati wa mapumziko, jambo moja baada ya mechi. La tatu litangoja wiki ijayo. Anayeambiwa makosa tisa jioni moja hakumbuki hata moja asubuhi.

REFA: Na la kuanza nalo?

MKUFUNZI: Ulikuwa umesimama wapi. Msimu mzima, hilo tu. Suala la kuotea tutaligusa ukiwa na wasaidizi. Na sheria mpya usome kila mwaka kabla ya Julai, zinabadilika. Mwaka 2025 kipa aliyekuwa na sekunde 6 za kushika mpira akapewa 8, akizidisha ni kona. Kuna marefa wazee hapa mjini bado wanapuliza mpira wa adhabu.

KOCHA: Na mimi nikiwa na swali halali kabisa? Ninyamaze?

REFA: Nahodha wako aniletee. Siku hizi hata kwa wakubwa utaratibu huo unasisitizwa, nahodha peke yake ndiye anayemfuata refa.

KOCHA: Nahodha wangu ana miaka 11.

REFA: Anauliza vizuri, kocha. Siku ile aliniuliza kwa nini nimerudisha mpira wa kurusha. Nikamweleza. Kipindi cha pili alikuwa anawaeleza wenzake.